Bahasha za kadi za mkono: zinajifunga zenyewe masika, kona zinachanika, rangi zinagandana

KadiMkoani

Assalam alaykum. Tunatengeneza kadi za mkono za Idi, za harusi na za wageni wanaonunua Mji Mkongwe. Kadi yenyewe ni manila ya A4 iliyokatwa nusu, kila nusu ikakunjwa, kwa hiyo ikishakunjwa inakuwa sentimita 14.8 kwa 10.5. Kadi hazina taabu. Taabu ni bahasha, na naomba mwenye kujua atujibu kwa vipimo.

Kwanza kukata. Tunafumua bahasha ya dukani na kuifuatisha kwa penseli, lakini mikunjo haikutani sawasawa na baadhi ya kadi zinaingia kwa kulazimishwa. Pili, kona za chini zinachanika kadi ikishatiwa. Tatu ni gundi: tukiupaka mdomo mapema, bahasha zinajifunga zenyewe dukani, khasa kuanzia Machi mpaka Mei, na karatasi inajikunjakunja pale palipopakwa. Nne, tunapiga chapa za maua ya kanga kwa rangi ya akriliki. Zinapendeza, ila bahasha zikipangwa kwa rundo zinagandana na rangi inabanduka.

Karatasi ni ya fotokopi ya gramu 80, na kaki inapopatikana. Mashine hakuna. Kuna mikasi, rula, kisu cha karatasi na sindano.

MkunjoSawa

Wa alaykum salaam. Naanza na kukata, kwa sababu bahasha iliyokatwa vibaya haitengenezeki tena kwa gundi wala kwa mapambo.

Acheni kufuatisha bahasha ya dukani. Penseli inapita nje ya ukingo, kwa hiyo kila mstari unasogea kidogo. Mkikata kiolezo kwa mchoro huo kisha mkakifuatisha tena, kosa linaongezeka juu ya kosa. Tumieni mraba. Kwa kadi yenu A4 moja inatosha: ikateni iwe sentimita 21 kwa 21. Mraba huo, ncha kwa ncha, una sentimita 29.7, sawasawa na urefu wa A4 yenyewe, na hicho ndicho kipimo mnachokihitaji.

Uweke mraba mezani ncha moja ikitazama juu. Chora kwa penseli hafifu mstari wa wima kutoka ncha ya juu hadi ya chini, na wa mlalo kutoka ncha ya kushoto hadi ya kulia. Kwenye mstari wa wima pima sentimita 9.1 kutoka ncha ya juu, utie nukta, na 9.1 nyengine kutoka ncha ya chini. Kwenye mstari wa mlalo pima 6.7 kutoka kila ncha. Sasa pitisha mistari minne ya mikunjo kwenye nukta hizo: miwili ya mlalo, miwili ya wima. Katikati utapata mstatili wa 16.3 kwa 11.5, na huo ndio uso wa bahasha. Kadi inabakiwa na nafasi ya milimita 15 kwa urefu na 10 kwa upana. Msiibane nafasi hiyo. Kadi yenye utepe au ua lililobandikwa ina unene, na unene unakula upana.

Mistari ya mikunjo inakatana karibu na kingo za mraba, na nje ya kila pembe ya mstatili inabaki pembetatu ndogo yenye pande za milimita 9 au 10. Hiyo inakatwa itoke, na hapo ndipo kona zenu zinapochanikia. Mkasi ukipita milimita moja tu kuingia ndani ya mstatili, mpasuko umeshaanza, na uzito wa kadi utaumalizia. Toboa kwanza kwa sindano pale mistari miwili inapokatana, kisha kata kutoka nje kuja kwenye tundu, usimame hapo. Tundu la duara linazuia mpasuko usiendelee; mkato wenye ncha kali unaukaribisha.

Kabla ya kukunja, bonyeza kila mstari kwa kalamu ya wino uliokwisha, rula imeshikwa imara, chini kuna magazeti mawili matatu. Kunja mbawa za pembeni kwanza, halafu ya chini, na ya juu ndiyo mdomo. Mbawa za pembeni hazikutani, zinaachana karibu sentimita 3. Msishtuke, bawa la chini linaliziba pengo lote. Hilo la chini linazilalia mbawa za pembeni kwa ukanda wa milimita 13 hivi kila upande, na ukanda huo peke yake ndio unaopakwa gundi.

Kwa kadi ya kipimo chengine, amua kwanza ukubwa wa bahasha. Jumlisha urefu na upana wake, ongeza sentimita 2, zidisha kwa 0.7: hapo umepata upande wa mraba. Kadi ya mraba ya 12.5 inataka bahasha ya 13.5, kwa hiyo 27 na 2 ni 29, mara 0.7 ni 20.3. A4 inatosha tena. A4 nzima iliyokunjwa mara moja inataka bahasha ya 22.5 kwa 16, na mraba wake ni wa 28.4, hapo lazima A3. Kujua pa kutia nukta, pima ncha kwa ncha, toa urefu au upana wa bahasha, gawa kwa mbili.

Njia hii inakataa bahasha ndefu nyembamba. Urefu ukikaribia mara mbili ya upana, kama 22 kwa 11, bawa la chini linakuwa refu kuliko bahasha yenyewe na kutokeza juu ya mkunjo wa mdomo. Hapo ikateni ncha yake.

Karatasi: gramu 80 ni nyepesi, kadi ya rangi nzito inaonekana kwa nje na mikunjo inalika mapema. Tafuteni gramu 100 mpaka 120, imeandikwa kwenye ganda la rimu. Kaki ni nzuri sana kwa kazi hii, nyuzi zake ni ndefu na ngumu kuchanika. Manila iacheni iwe kadi, ukiikunja mkunjo wa nje unapasuka na kuonesha weupe.

Kipande kinachobaki kwenye A4, 21 kwa 8.7, msikitupe. Kinatoa miraba miwili ya 8.7, na kila mmoja unakuwa kibahasha cha 6 kwa 4.3, mikunjo ikiwa sentimita 4 kutoka ncha za juu na chini na 3.15 kutoka za pembeni. Noti iliyokunjwa mara tatu inaingia, kwa hiyo ni kibahasha cha mkono wa Idi kwa watoto.

WangaNaKarafuu

Hapo juu pamekamilika, mimi naingia kwenye gundi.

Bahasha inajifunga yenyewe kwa sababu gundi ya kulowesha, ikikauka, inabaki inavuta maji ya hewani. Pwani yetu wakati wa masika ina unyevu wa kutosha kuiamsha bila mtu kuigusa. Tena bahasha zikiwa zimebanwa kwa mpira wa kufungia, mdomo unakandamizwa juu ya mgongo kutwa nzima, kila kitu kinachohitajika kugandisha kipo. Kwa hiyo jibu langu ni moja: bahasha ya kuuzwa Unguja au Pemba isitiwe gundi kwenye mdomo. Tieni gundi mbawa tu, mdomo mwachieni mnunuzi.

Afunge kwa nini? Kipande cha tepu ya pande mbili, sentimita 3, kibandikwe chini ya ncha ya mdomo na ganda lake lisibanduliwe. Mnunuzi atalibandua mwenyewe. Au mpasuo: kata mstari wa sentimita 2.5 kwenye bawa la chini, juu kidogo ya pale ncha ya mdomo inapofikia, ncha iingie humo kama ulimi. Hauhitaji kitu chochote, na masika hayaudhuru. Mpasuo uwe mpana kuliko ncha kwa milimita 2 au 3, vyenginevyo ncha itajipinda kila inapoingizwa. Kata bahasha ikiwa bado wazi, juu ya kibao. Ukikata ikishagundiwa utapasua na uso wa mbele.

Karatasi kujikunjakunja ni maji. Gundi nyeupe ina maji, nyuzi za karatasi zinavimba pale palipopakwa na pengine hapavimbi, kisha zinakauka zikiwa zimevutana. Dawa ni kupaka kidogo na kukandamiza. Msimimine kutoka kwenye chupa. Tieni tone kwenye kifuniko, chukueni kipande cha manila chenye ukingo ulionyooka, sambazeni mpaka karatasi ionekane imelowa kidogo tu, si nyeupe. Gundi ikichomoza pembeni mnapobana, ilikuwa nyingi, na itakwenda kugandisha ndani ya bahasha mpaka kadi isiingie. Wekeni ukanda wa karatasi ya nta ndani wakati inakauka, juu kitabu kizito, saa moja au zaidi. Siku za mvua iacheni mpaka asubuhi.

Mnaotaka gundi ya bei nafuu, wanga wa muhogo unafaa sana kwa karatasi. Vijiko 4 vikubwa vya wanga kwa vijiko 24 vya maji. Koroga wanga kwanza kwa vijiko 8 vya maji baridi mpaka pasiwe na tonge. Maji 16 yaliyobaki yachemke, mimina wanga taratibu huku unakoroga, moto mdogo. Mwanzo ni mweupe kama maziwa. Ukiiva unageuka wa kungʼaa, unaona mwiko ndani yake, na ukiuinua mwiko gundi inashuka kwa kamba nzito. Ukiutoa kabla ya hapo hautashika. Upoe kabisa, uchujwe kwa kitambaa.

Gundi hii bila dawa inachachuka na kuota ukungu baada ya siku chache. Tieni matone 4 ya mafuta ya karafuu ikiwa imepoa, koroga sana. Kilichomo ndani ya mafuta hayo, yujenoli (eugenol), kinazuia ukungu, na mafundi wa kujalidi vitabu wameyatumia kwa gundi ya unga tangu zamani. Sisi Pemba hatuhitaji kuyatafuta mbali. Hata mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayotoka kiwanda cha ZSTC (Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar) pale Wawi yanafaa, kwani yujenoli imo pia. Ila matone yasizidi. Mafuta mengi yanaacha alama ya kungʼaa kwenye karatasi, haitoki, na gundi yenyewe inateleza.

Kuna wanaotia shabu (alum) ili gundi iwe kali. Shabu ina asidi, na karatasi inakuwa ya manjano na kukatikakatika miaka ikipita. Kadi ya harusi mtu anaiweka, kwa hiyo msitie.

DukaNgambo

Nakubaliana na WangaNaKarafuu kwa yote ila moja. Gundi ya wanga ni chakula. Karafuu inazuia ukungu, lakini mende hawajali, na harufu inapungua kadiri siku zinavyokwenda. Bahasha zikikaa ghalani miezi, mende wanakula ukanda ule ule uliopakwa na mbawa zinaachia. Wanga utumike kwa bahasha zinazouzwa haraka na kwa bitana. Bahasha za kuweka akiba zipakwe gundi nyeupe, mende hawaipendi sana.

Na kuweka kwenyewe: bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana, ndani vifuko viwili vitatu vya silika jeli, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Si kabati lililo ukutani upande wa mvua, si chini ya kitanda. Bahasha zisimame kama vitabu, zisilaliane.

KadiMkoani

Allah awalipe kheri. Suala la kukata na gundi limetulia. Kwenye rangi nani atatusaidia? Na bitana: wateja wa harusi wanaitaka, sisi tukiibandika inafanya mikunjo mibaya na bahasha haifungi bapa.

PindoNaMji

Rangi ya akriliki ikikauka inabaki kuwa plastiki laini. Joto linailainisha, uzito unaibana juu ya mwenzake, na safu mbili za plastiki moja zinashikana. Tatizo ni unene wa rangi, joto na uzito vikikutana. Punguzeni vyote vitatu.

Unene kwanza. Msichovye muhuri kwenye rangi. Tieni rangi kidogo kwenye kigae au sahani bapa, ichukueni kwa kipande cha sponji ya godoro, igongeni sponji mara mbili kwenye gazeti, ndipo muipake juu ya muhuri kwa kudonoadonoa. Muhuri uliopakwa vizuri unaonekana umelowa tu, haungʼai. Piga chapa ya kwanza kwenye karatasi chafu, ya pili ndiyo ya bahasha. Ukiona ukingo wa ua una tuta la rangi, rangi ni nyingi.

Kisha ukaushaji: bahasha zitandazwe moja moja, au zitundikwe kwa vibanio vya nguo, kutwa na usiku mmoja. Kuguswa ikiwa kavu si kukauka. Baada ya hapo pitisheni poda ya mtoto kwa kitambaa kikavu, kidogo sana, muifute. Vumbi hilo linatosha kuzuia nyuso mbili zisishikane. Katikati ya bahasha na bahasha tieni karatasi ya nta, na msifunge rundo kwa mpira.

Wino wa mhuri wa ofisi ni rahisi na haugandi, ila ni wa maji: kidole chenye jasho kinauburura. Utumieni mgongoni mwa bahasha, usiwe upande wa anwani.

Sasa mihuri. Kiazi mbatata ni cha kujifunzia. Kina maji, yanachanganyika na rangi na kuacha weupe katikati ya chapa; kikaushwe kwa kitambaa kila baada ya chapa chache, na jioni kimeshanywea na ua limepinda. Ufutio ndio mzuri, ule mweupe laini. Chora ua kwa penseli kwenye karatasi, ligeuze juu ya ufutio, sugua kwa kucha, mchoro unahamia wenyewe, tena umegeuka kinyume kama unavyotakiwa kwa muhuri. Kata kwa ncha ya kisu cha karatasi ukikilaza kwa nje, ili shina la ua libaki pana chini na jembamba juu. Ukikata wima, au ukaingia chini ya ua, mistari myembamba inavunjika chapa zikizidi. Kina cha milimita 2 kinatosha. Kwa umbo kubwa kata soli ya kandambili kuukuu, ibandike juu ya kipande cha mbao.

Korosho ni ua zuri la kuanzia: umbo moja, mkunjo mmoja, na ndani yake nukta tatu zinazotobolewa kwa ncha ya kalamu. Korosho nne zikitazamana kwenye kona zinatosha kabisa.

Mpangilio pia una maana. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na bahasha inaweza kuifuata: pindo ukingoni, mji katikati, jina chini. Lakini ya kutumwa posta isifuatwe hivyo upande wa mbele, nafasi ya anwani inahitajika. Fanyeni pindo mgongoni na juu ya mdomo, mbele muache korosho moja upande wa kushoto, sentimita moja na nusu juu ya ukingo wa chini. Bahasha ya harusi inayopelekwa kwa mkono haina sharti hilo. Nyekundu na nyeusi juu ya karatasi nyeupe, rangi za kisutu, ile kanga ya harusi, kila mtu atajua ni ya nini kabla ya kuifungua.

Msiweke chapa nzito juu ya mstari wa mkunjo. Rangi inakatika pale pale na kuacha ufa mweupe. Ama ua liishie milimita 3 kabla ya mkunjo, ama pigeni chapa baada ya kukunja.

Kuhusu kuchora kwa koni ya hina: inafaa, lakini si kwa hina yenyewe, inapauka na kulowesha karatasi. Tieni ndani ya koni rangi ya akriliki na gundi nyeupe, nusu kwa nusu, tundu dogo. Mstari unakaa juu, unaguswa kwa kidole. Usivuke mkunjo, na ukauke siku mbili.

Manjano ya jikoni kwa kutia rangi karatasi naona watu wanaisifu. Inapauka kwa mwanga haraka mno. Bahasha ikikaa dirishani upande mmoja unabaki mweupe. Chai nzito ya rangi inadumu zaidi.

Bitana, na hapa kosa ni moja tu: mnaigundi yote. Bahasha ikikunjwa, karatasi ya nje inazunguka njia ndefu kidogo kuliko ya ndani. Bitana iliyogundiwa kila mahali haina pa kwenda, kwa hiyo inajikunja. Inatakiwa iteleze.

Kateni bitana ikiwa bahasha bado iko wazi. Kipimo chake ni uso wa mbele pamoja na mdomo, bila mbawa za pembeni wala la chini. Kila upande ipungue milimita 3 kuliko bahasha, na kwenye kingo mbili za mdomo ipungue milimita 12, ili pabaki ukanda wa kufungia. Iweke mahali pake bila gundi, kunja mdomo pamoja nayo, mkunjo wa bitana ujitengeneze wenyewe. Fungua tena. Paka gundi kwenye sehemu ya mdomo tu, juu ya mkunjo; chini yake, ndani ya tumbo la bahasha, usipake kitu. Funga mdomo wakati gundi bado mbichi, kandamiza. Bitana itasogea inapotaka kisha itatulia.

Karatasi ya bitana iwe nyepesi kuliko bahasha, gramu 60 hadi 80. Karatasi ya zawadi inafaa. Kitambaa cha kanga hasa hakifai, ni kizito na kinachomoka nyuzi. Pigeni chapa ya kanga kwenye karatasi nyembamba mtapata sura ile ile.

MkunjoSawa

Naongeza la posta, kwa sababu wageni wananunua bahasha ili wazitume kwao.

Barua ya kimataifa isipungue milimita 90 kwa 140. Bahasha yenu ya 163 kwa 115 imo, ila kile kibahasha cha mkono wa Idi hakitumwi peke yake. Uingereza, Royal Mail inahesabu barua ya kawaida kuwa isiyozidi 240 kwa 165, unene milimita 5, uzito gramu 100. Ikizidi unene inalipiwa kama barua kubwa. Marekani bahasha ya mraba inatozwa nyongeza hata ikiwa nyepesi, kwa sababu mashine haiwezi kuilaza upande unaotakiwa. Kwa hiyo kadi za mraba ziuzeni kwa wanaopeana mkononi, za kutumwa ziwe za mstatili.

Mbele ya bahasha acheni wazi kona ya juu kulia kwa stempu, na sentimita moja na nusu nzima ya chini kwa alama za mashine. Kaki inasomeka vizuri kwa wino mweusi. Bahasha nyekundu au ya kijani kibichi ibandikwe kipande cheupe cha 9 kwa 5 cha anwani. Anwani ya mtumaji, pamoja na S.L.P., iende mgongoni au kona ya juu kushoto, ndogo.

KadiMkoani

Mawili ya mwisho. Kuna mteja anataka lakiri nyekundu, ile nta ya kupigia muhuri, juu ya mdomo. Mwengine, wa hoteli, anataka karafuu nzima na maua halisi yabandikwe nje ya bahasha. Yanawezekana?

DukaNgambo

Lakiri inawezekana kwa bahasha ya kupeana mkononi. Nta ya mshumaa peke yake haifai: inaacha duara la mafuta kwenye karatasi na inabanduka. Yeyusheni vijiti vya gundi ya moto pamoja na krayoni, vijiti vitatu kwa krayoni moja, moto wa chini sana. Mwaga upana wa shilingi, subiri sekunde kumi mpaka ukingo uanze kufifia mngʼao, kisha kandamiza muhuri uliopozwa kwa barafu na kufutwa. Muhuri wa moto unaondoka na lakiri yote. Unene usizidi milimita 2 au 3. Ikienda posta, bahasha iingie ndani ya bahasha nyengine, maana mashine zinaivunja lakiri.

WangaNaKarafuu

Karafuu nje ya bahasha mkatazeni, kwa heshima. Mafuta yake yanatoka kidogo kidogo na ndani ya muda mfupi kila karafuu inazungukwa na doa la kahawia linalopenya mpaka kwenye kadi. Unene nao unavuka milimita 5, na posta inazisaga. Tena mimea na mbegu zinakaguliwa kwa ukali mkubwa Australia na New Zealand; kadi ya zawadi inaweza kuzuiwa kwa ajili ya karafuu tatu. Mteja akishikilia harufu, wekeni karatasi tupu na kifuko cha karafuu ndani ya bati moja lililofungwa wiki nzima, vikiwa havigusani. Karatasi inashika harufu bila doa.

Maua: asumini haifai, inageuka kahawia ikikaushwa, na waridi zima ni nene. Chukueni bogenvilia, zile petali zake nyembamba, ambazo khasa ni majani ya rangi, zinashika rangi vizuri. Zichumeni saa nne asubuhi umande ukishakauka, zipangwe kati ya karatasi za gazeti zisigusane, juu vitabu vizito. Gazeti libadilishwe kila siku kwa siku nne za mwanzo, khasa masika, vyenginevyo zinaota ukungu. Baada ya wiki mbili zinakuwa kama karatasi. Zibandikwe ndani ya mdomo, si nje, kwa gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji nusu kwa nusu, ipakwe nyuma ya petali kwa brashi laini na mara moja tena juu yake ili zisikatike. Na bahasha hizo ziuzwe hapa hapa kwa kupeana, zisitumwe nje.